Jinsi ya Kusoma Mizania ya Nishati ya Taifa: Kutoka Mita ya LUKU hadi Gunia la Mkaa

Ukimwuliza mtu Tanzania inapata wapi nishati yake, aghalabu atakutajia gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, mabwawa ya Mtera na Kidatu, na siku hizi atamalizia kwa Bwawa la Julius Nyerere lililoko Mto Rufiji. Majibu hayo ni sahihi, ila yanajibu swali jingine, nalo ni umeme unatoka wapi. Nishati ya taifa ni pamoja na kuni zinazokokwa vijijini, mkaa unaoingia mijini usiku, dizeli ya malori yaendayo Tunduma, na mitungi ya gesi inayofungwa nyuma ya bodaboda. Ukivijumlisha vyote, sehemu kubwa kuliko zote, zaidi ya asilimia 80, hutokana na tungamotaka, yaani kuni na mkaa, ambavyo havipiti katika mita yoyote.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma mizania ya nishati, lile jedwali ambalo nchi huandika humo nishati yote iliyoingia, iliyogeuzwa, iliyopotea na iliyotumika. Nimeanzia nyumbani kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyekwisha kupima nishati ya nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe huona upesi mahali ambapo jedwali la taifa linasema zaidi ya linavyojua. Utahitaji kikokotoo, saa yenye sekunde, mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza nafaka, na mwezi mmoja wa kuweka kumbukumbu.

Hatua ya kwanza: tenganisha uwezo na nishati

Megawati hupima uwezo, yaani kasi ambayo mtambo unaweza kutoa nishati kwa wakati fulani. Kilowati-saa, ambayo kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, tunaiita uniti, hupima nishati yenyewe iliyotoka. Uhusiano wa vitu hivi viwili ni kama uhusiano wa bomba la mtaani na ndoo zilizopangwa mbele yake: upana wa bomba haukuambii ni ndoo ngapi zilizojaa, mpaka ujue maji yalitoka kwa saa ngapi.

Chukua Bwawa la Julius Nyerere. Lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, na jumla yake ni megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa katika Gridi ya Taifa mwaka 2024, na yote ilikamilika mwaka uliofuata. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo mitambo hiyo kama ingezunguka kwa nguvu zote usiku na mchana bila kusimama, ingetoa karibu gigawati-saa 18,500 kwa mwaka. Makadirio ya mradi, hata hivyo, yamekuwa karibu gigawati-saa 6,000, ambazo ni chini kidogo ya theluthi moja ya kiasi hicho. Hakuna kasoro hapo. Bwawa la maji hujengwa kwa mitambo mikubwa ili liweze kubeba mzigo wa saa za jioni watu wanapowasha taa, pasi na televisheni kwa pamoja, kisha lipunguze usiku wa manane. Na mto nao hauna maji sawa mwezi wa Aprili na mwezi wa Oktoba.

Kwa hiyo unaposoma habari kwamba nchi imefikisha megawati kadhaa, uliza swali moja: zilitoka gigawati-saa ngapi mwaka huo? Wenye kumbukumbu ya mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na wa 2011 wanajua kwa nini swali hili lina uzito. Mitambo ya Kidatu ilikuwa na megawati zake 204 zilezile kwenye karatasi, na kilichopungua kilikuwa maji katika Mtera, bwawa linalotunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili yake.

Tahadhari iyo hiyo inahusu gesi. Tanzania hutajwa kuwa na futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi asilia iliyogunduliwa. Hiyo ni akiba iliyoko ardhini, na sehemu kubwa yake iko chini ya bahari ya kina kirefu. Katika mizania ya nishati haihesabiwi hata futi moja, mpaka itoke kisimani na kupita kwenye mita. Kwa makisio ya haraka, futi moja ya ujazo ya gesi hubeba nishati ya takriban megajuli moja.

Hatua ya pili: pima umeme wako

Kwenye uso wa mita ya umeme pana kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na karibu yake yameandikwa maneno kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa hicho huwaka mara 1,000, au mara 1,600, kila uniti moja inapoisha. Zima vifaa vyote, washa kimoja tu, kisha hesabu kitaa kimewaka mara ngapi katika sekunde 60. Zidisha idadi hiyo kwa 3,600, halafu gawanya kwa sekunde ulizohesabu zikizidishwa na namba iliyoandikwa kwenye mita. Ukipata mara 20 katika sekunde 60 kwenye mita ya 1,000, kifaa chako kinatumia kilowati 1.2, na kikiwaka kwa saa nzima kitakula uniti 1.2.

Usitegemee kibandiko cha nyuma ya kifaa. Friji iliyoandikwa wati 150 huwaka na kupumzika, na muda wake wa kupumzika hutegemea joto la chumba, uzee wa mpira wa mlango, na mara ngapi watoto wameufungua. Kwa vifaa vya namna hiyo, soma mita asubuhi na usome tena kesho yake saa ileile.

Usipime umeme kwa shilingi pia. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, ambalo ni la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa 292. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa nishati vijijini, ya asilimia 3 na ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya asilimia 1, uniti huwa shilingi 122 kwa mmoja na takriban 356 kwa mwingine. Shilingi 9,150 humpatia wa kwanza uniti 75 na wa pili uniti zisizofika 26, na hapo bado hatujagusa kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU hiyohiyo. Nyumba mbili zinaweza kulipa fedha sawa na kutumia nishati tofauti mara tatu. Kwa sababu hiyo mtu anayekwambia matumizi yake kwa shilingi hajakwambia matumizi yake.

Hatua ya tatu: pima visivyo na mita

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi hukata tamaa. Mkaa huuzwa kwa gunia, debe, kopo na fungu, vipimo ambavyo kila mmoja wetu anavijua na ambavyo havina uzito maalumu. Gunia lililofungwa kwa lumbesa, lenye kichwa cha matawi na kamba juu ya mdomo wake, si sawa na gunia lililoshonwa mdomo. Mkaa wa miti migumu ni mzito kuliko mkaa wa mwembe. Mvua ikinyesha njiani, unanunua maji. Mimi nilipoanza kupima magunia ya nyumbani kwangu, mawili yaliyonunuliwa kwa bei moja kwa muuzaji mmoja yalitofautiana kilo nyingi kiasi cha kunifanya nishuku mizani, nikaijaribu kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, ikatoka safi.

Kwa hiyo ning'iniza gunia kwenye mizani siku linapofika, andika kilo zake, toa uzito wa gunia tupu, kisha andika tarehe lilipoisha. Vumbi lililobaki chini ulipime na kuliondoa kwenye hesabu kama hulitumii. Ukinunua kwa kopo, pima makopo matano, chukua wastani, halafu hesabu makopo.

Kuni zinahitaji uangalifu wa namna yake. Kilo ya kuni zilizokauka kwa hewa hubeba takriban megajuli 15.6, lakini mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu yake maji, na kilo yake hutoa karibu nusu tu ya joto hilo, kwa maana nusu ya kilo hiyo si kuni bali maji, na moto hutumia sehemu ya nguvu zake kuyakausha kabla ya kuchemsha chungu. Pima mzigo mkavu. Gesi ya mtungi ndiyo rahisi kuliko zote, kwani mitungi ya kilo 6, 15 na 38 imeandikwa uzito wake mtupu ubavuni. Kama unataka kujua umetumia kiasi gani katikati ya mwezi, pima mtungi wote na utoe uzito huo. Petroli na dizeli hupimwa kwa lita kituoni, na lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74.

Hatua ya nne: geuza vyote kuwa kipimo kimoja

Huwezi kujumlisha uniti, kilo na lita. Zinapaswa kugeuzwa kuwa nishati, na kipimo kinachokubalika duniani kote ni juli. Kwa nyumba, megajuli hutosha. Kwa nchi hutumika petajuli, ambayo ni megajuli bilioni moja. Hizi ndizo namba za kubandika ukutani:

– Uniti 1 ya umeme: megajuli 3.6
– Kilo 1 ya kuni kavu: megajuli 15.6
– Kilo 1 ya mkaa: megajuli 29.5
– Kilo 1 ya gesi ya mtungi: megajuli 47.3
– Kilo 1 ya petroli: megajuli 44.3
– Kilo 1 ya dizeli: megajuli 43.0
– Tani 1 linganifu ya mafuta: megajuli 41,868, sawa na uniti 11,630

Namba za kuni, mkaa, gesi na mafuta ni viwango vya kawaida vinavyotumiwa na jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi kwa nchi ambazo hazina vipimo vyake zenyewe. Kipimo cha mwisho, tani linganifu ya mafuta, utakikuta katika ripoti za Shirika la Kimataifa la Nishati lenye makao yake Paris, lililoundwa mwaka 1974 baada ya msukosuko wa bei za mafuta. Asili yake hiyo ndiyo sababu hata mkaa wa Kilosa hupimwa humo kana kwamba ni mafuta.

Tuseme kaya moja, kwa mwezi, imetumia uniti 60 za umeme, kilo 45 za mkaa, mtungi mmoja wa kilo 6, na lita 20 za petroli katika pikipiki. Umeme ni megajuli 216. Mkaa ni 1,328. Gesi ni 284. Petroli, ambayo ni kilo 14.8, ni 656. Jumla ni karibu megajuli 2,480, na umeme, ambao ndio unaolalamikiwa zaidi mezani, haufiki asilimia 9 yake. Mkaa peke yake umepita nusu. Rudia hesabu hiyo kwa namba zako kabla ya kuendelea, kwa sababu hatua zinazofuata ni hesabu hiyohiyo iliyopanuliwa kwa watu milioni 61.7, waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022.

Hatua ya tano: soma mistari ya juu ya mizania

Mizania ya nishati huwa na safu za aina za nishati zinazotembea kwa upana: makaa ya mawe, bidhaa za mafuta, gesi asilia, umeme wa maji, tungamotaka na kadhalika. Mistari huenda kutoka juu kwenda chini. Mistari ya juu inasema nishati imepatikana vipi: uzalishaji wa ndani, jumlisha uagizaji, toa mauzo ya nje, toa mafuta ya meli na ndege za safari za kimataifa, kisha rekebisha kwa akiba iliyoongezeka au kupungua maghalani. Jumla yake ndiyo ugavi wa nishati wa nchi.

Mitego mikubwa ya Afrika Mashariki iko hapa juu. Wa kwanza ni mafuta ya kupita. Matangi yanayoshushwa mafuta Dar es Salaam huhudumia pia Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi, na bomba la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola, lilijengwa mwaka 1968 kwa ajili ya Zambia na sasa hupitisha dizeli. Mafuta hayo hayapaswi kuandikwa kama uagizaji wa Tanzania. Anayechukua takwimu ya bandari na kuigawanya kwa idadi ya Watanzania atapata taifa lenye magari ambalo halipo. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, litahitaji uangalifu uleule: mafuta yake ni uzalishaji wa Uganda, na kwa Tanzania ni mzigo unaopita.

Mtego wa pili ni mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilisimama mwaka 2013, na cha Kigamboni kilikuwa kimekwisha kufungwa miaka mingi kabla yake, kwa hiyo safu ya mafuta ghafi kwa Kenya na Tanzania inapaswa kuwa tupu au karibu tupu, na mafuta yote yaonekane kama bidhaa zilizosafishwa zilizoagizwa. Ukikuta vinginevyo katika jedwali la miaka ya karibuni, kuna mtu amenakili safu ya zamani.

Zanzibar nayo huwachanganya wengi. Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba hutoka Tanga. TANESCO huuuza kwa jumla kwa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ambalo huuuza tena kwa wateja wake. Katika vitabu vya TANESCO huo ni mteja mmoja mkubwa. Katika mizania ya Muungano si mauzo ya nje, na ukijumlisha mauzo ya mashirika yote mawili bila kutoa hicho kilichouzwa kati yao, umeuhesabu umeme wa Unguja mara mbili. Kinyume chake, umeme unaotoka Uganda kwenda Kagera ni uagizaji wa kweli, japo waya ni uleule na taa ni zilezile.

Hatua ya sita: fuata nishati inapogeuzwa

Katikati ya jedwali kuna mistari ya ubadilishaji, yenye alama za kutoa upande mmoja na kujumlisha upande wa pili. Gesi inaingia kwenye mitambo ya Kinyerezi ikiwa na alama ya kutoa, umeme unatoka ukiwa na alama ya kujumlisha, na tofauti yake ni joto lililokwenda hewani. Mtambo wa gesi wa kawaida hutoa umeme wa karibu theluthi ya nishati iliyoingia; ule unaotumia joto la moshi kuzungusha mtambo wa pili wa mvuke, kama Kinyerezi II wenye takriban megawati 240, hufika karibu nusu. Mistari hii wengi huiruka, na ndiyo inayoeleza kwa nini mkaa ni tatizo kubwa kuliko unavyoonekana jikoni.

Rudi kwa ile kaya yetu ya kilo 45. Mkaa hutengenezwa katika tanuru la udongo porini, na matanuru ya asili huhitaji takriban kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kilo 1 ya mkaa, kutegemea ukavu wa miti na ujuzi wa mchomaji. Tuchukue 7. Kilo 45 za mkaa zimetokana na kilo 315 za kuni, zenye megajuli 4,914, ilhali jikoni zimefika 1,328. Karibu megajuli 3,600 zimepotea porini, kiasi kinachozidi nishati yote ambayo kaya ile ilitumia mwezi mzima, pamoja na umeme, gesi na petroli yake. Hasara hiyo inaandikwa katika mstari wa ubadilishaji, na kwa nchi inayopika kwa mkaa ni mstari mnene kuliko hasara zote za nyaya za umeme, ambazo ndizo hujadiliwa bungeni.

Kisha linganisha na bwawa. Gigawati-saa 6,000 za Rufiji ni petajuli 21.6. Zigawanye kwa Watanzania wote, na kila mmoja anapata megajuli 350 kwa mwaka, ambazo ni joto lililomo katika kilo 12 za mkaa, yaani kilo moja kwa mwezi. Bwawa la umeme kubwa kuliko yote nchini, kwa kipimo cha joto tupu, ni makopo machache ya mkaa kwa kila mtu.

Hesabu hiyo ni sahihi, na bado inaweza kumpotosha asiyekwenda mbele kidogo. Juli za umeme na juli za mkaa hazifanyi kazi sawa zikifika jikoni. Jaribu mwenyewe: chemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100. Maji yenyewe yanahitaji kilojuli 628, sawa na uniti 0.174, na hiyo haibadiliki kwa moto wowote. Ukitumia birika la umeme na mita ikaonyesha uniti 0.2, ufanisi ni asilimia 87. Ukitumia jiko la mkaa, lipime kabla na baada. Tuseme limeisha gramu 100, ambazo ni kilojuli 2,950, basi ufanisi ni asilimia 21. Mafiga matatu kwa kawaida hutoa kati ya asilimia 10 na 15. (Mkazi wa Arusha au Mbeya asisubiri nyuzi 100, kule juu maji huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo tumia kipimajoto na urekebishe hesabu.) Ndiyo maana kaya inayohama kutoka mkaa kwenda umeme huonekana katika mizania kama kaya iliyopunguza matumizi ya nishati, ingawa chakula kinachopikwa ni kilekile.

Kuna jambo la mwisho katika hatua hii, nalo hulikumba zaidi jedwali la Kenya. Kwa utaratibu wa kimataifa wa takwimu, umeme wa maji, wa jua na wa upepo huhesabiwa katika ugavi kama ulivyo: uniti moja iliyotoka ni uniti moja iliyoingia. Umeme wa nyuklia huchukuliwa kuwa ni theluthi ya joto la kinu chake. Umeme wa jotoardhi huchukuliwa kuwa ni asilimia 10 tu ya joto lililotoka ardhini, pale ambapo nchi haina kipimo chake yenyewe. Kwa hiyo uniti moja ya Olkaria, karibu na Naivasha, huingia katika ugavi wa nishati wa Kenya kama uniti 10, na uniti moja ya bwawa la Masinga huingia kama moja. Jotoardhi, ambayo hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya, huvimba katika mistari ya juu, kisha sehemu tisa kati ya kumi hutoweka kwenye mstari wa ubadilishaji. Usilinganishe vyanzo vya Kenya na vya Tanzania kwa mistari ya juu. Linganisha kwa mstari wa umeme uliotoka.

Hatua ya saba: uliza nani alipima

Baadhi ya namba za mizania zimesomwa kwenye mita, nyingine ni risiti, na nyingine ni makadirio, na jedwali lililochapishwa huziweka zote kwa herufi za ukubwa mmoja. Umeme uliotoka kwenye mitambo ya gridi umesomwa. Gesi ya Songo Songo, inayozalishwa tangu 2004, imesomwa. Mafuta yana nyaraka za forodha na taarifa za EWURA. Kuni hazina chochote kati ya hivyo, kwa sababu nyingi huokotwa na mwanamke na kuisha jikoni bila kupita mikononi mwa mfanyabiashara, mtoza ushuru wala mizani. Takwimu yake hupatikana kwa kuchukua matokeo ya utafiti wa kaya, kuyazidisha kwa kilo zinazodhaniwa kutumiwa na mtu mmoja, kisha kuyapandisha kila mwaka kulingana na ongezeko la watu. Namba kubwa kuliko zote katika jedwali ndiyo iliyopimwa kwa udhaifu kuliko zote.

Angalia pia swali lililoulizwa. Sensa na tafiti za kaya huuliza nishati kuu ya kupikia. Kaya nyingi za mijini zina mtungi wa gesi wa chai ya asubuhi na jiko la mkaa la maharage, na zikilazimika kutaja moja, jibu hutegemea mjibuji anaona haya gani siku hiyo. Kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, ni vyema kujua mapema kama mafanikio yatapimwa kwa mitungi iliyogawiwa, kwa kaya zinazosema gesi ndiyo kuu, au kwa kilo za mkaa zilizopungua. Majibu hayo matatu yanaweza kutofautiana sana. Vivyo hivyo kwa vijiji 12,318 vya Tanzania Bara: kijiji kilichofikiwa na umeme ni kijiji chenye nguzo na transfoma, na idadi ya nyumba zenye waya humo ni swali la pili.

Hata namba zenye risiti zinaweza kusema uongo kuhusu matumizi. Miaka ya kabla ya 2011 mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, na sehemu yake ilichanganywa na dizeli na kuuzwa vituoni, biashara iliyolipatia taifa neno uchakachuaji katika maana yake ya leo. Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, mauzo yake yaliporomoka. Mtafiti anayesoma safu hiyo bila kujua habari hii ataandika kwamba Watanzania waliacha vibatari kwa mwaka mmoja.

Kabla ya kulifunga jedwali, hakiki mambo mawili. Tazama kama mwaka wake ni wa kalenda au ni mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa sababu taarifa za mashirika yetu mengi hufuata mwaka wa fedha na za kimataifa hufuata kalenda. Kisha tafuta mstari ulioandikwa tofauti ya takwimu, ambao ni pengo kati ya nishati iliyopatikana na nishati iliyohesabiwa kuwa imetumika. Pengo dogo ni dalili ya hesabu ya kweli, kwa kuwa aliyepima ugavi na aliyepima matumizi ni watu tofauti wenye makosa tofauti. Pengo kubwa linamaanisha kuna matumizi yasiyoonekana au hesabu iliyorudiwa. Na ukikuta sifuri kamili katika safu ya tungamotaka, elewa kwamba upande mmoja haukupimwa kabisa, na umejazwa kwa kunakili namba ya upande wa pili.